Asili na Mgeuko wa Nomino za Kilatini Zitokanazo na Vitenzi: Mada Mbili Zilizokuwa Moja

1.0 Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza historia ya nomino za Kilatini zilizonyambuliwa kutokana na vitenzi, pamoja na jinsi nomino hizo zinavyobadilika miisho katika sentensi. Swali lenyewe limekaa na mwandishi kwa miaka mingi. Katika shule ya seminari alikojifunza Kilatini, wanafunzi waliandikiwa ubaoni kitenzi currere, yaani 'kukimbia', na chini yake nomino nne: cursor 'mkimbiaji', cursus 'mbio' au 'mwendo', currus 'gari la kukokotwa na farasi', na curriculum 'mbio' au 'njia ya mashindano'. Ya kwanza iliwekwa katika kundi la tatu, ya pili na ya tatu katika kundi la nne, na ya mwisho katika kundi la pili. Mwanafunzi mmoja alipouliza kwa nini watoto wa kitenzi kimoja wametawanyika katika nyumba tatu, aliambiwa kwamba hiyo ndiyo kanuni, na kanuni hukaririwa, haiulizwi.

Jibu hilo halikuwa kosa la mwalimu mmoja. Lilitokana na mapokeo marefu ya kuifunza asili ya neno mahali pamoja na mgeuko wake mahali pengine, kana kwamba ni mambo yasiyojuana. Hoja ya makala haya ni kwamba katika nomino zitokanazo na vitenzi mambo hayo mawili ni moja: mgeuko wa nomino ni kumbukumbu ya asili yake. Atakayesoma miisho kwa makini atasoma pia historia ya neno, hata pale ambapo umbo la msingi limekwisha kuificha.

Yafaa tubainishe istilahi mapema. Kilatini hubadilisha mwisho wa nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Badiliko hilo tutaliita mgeuko, na kila umbo linalotokana nalo tutaliita uhusika. Kuna uhusika wa kiima, wa yambwa, wa kumiliki, wa kupewa, na ule wa kuondokea ambao pia hubeba maana ya chombo na namna. Nomino za Kilatini zimegawanywa katika makundi matano ya mgeuko, na hakuna hata moja kati yake lisilo na nomino za kitenzi. Fuga 'ukimbizi' na scriba 'karani' ziko katika kundi la kwanza, gaudium 'furaha' katika la pili, scriptor 'mwandishi' katika la tatu, cursus katika la nne, na species 'sura, mwonekano', kutokana na specere 'kutazama', katika la tano.

2.0 Varro na Neno Moja

Mrumi Marcus Terentius Varro (116-27 K.K.) aliandika juu ya lugha ya Kilatini vitabu 25, ambavyo kati yake cha tano hadi cha kumi ndivyo vilivyotufikia, navyo vina mapengo. Katika kitabu cha nane hadi cha kumi anashughulikia jambo analoliita declinatio. Neno hilo ndilo lililokuja kuwa jina la mgeuko katika lugha nyingi za Ulaya. Lakini kwa Varro lilikuwa na mawanda mapana zaidi. Kila neno linapotoka katika neno jingine, liwe ni unyambuaji au badiliko la uhusika, hiyo ni declinatio.

Hata hivyo Varro hakuyachanganya mambo. Alitofautisha declinatio ya hiari na declinatio ya kimaumbile. Ya hiari ni kazi ya mtu anayeunda jina, na hapo kila mtu aweza kufuata njia yake. Anatoa mfano wa watu watatu ambao kila mmoja amenunua mtumwa kule Ephesus. Mmoja anampa mtumwa wake jina kutokana na jina la muuzaji, wa pili kutokana na eneo, wa tatu kutokana na mji wenyewe. Ya kimaumbile, kwa upande mwingine, haimwulizi mtu mapenzi yake. Jina likishaundwa, wasemaji wote huligeuza kwa namna moja. Anasema kwamba hata watumwa wapya walioingizwa katika nyumba kubwa, wakishasikia majina ya wenzao katika uhusika wa kiima, huyageuza mara moja katika uhusika mwingine wote.

Twaweza kusikitishwa na mfano huo. Binadamu wanaonunuliwa na kubandikwa majina wanatumiwa hapa kuthibitisha kanuni ya sarufi, na historia ya pwani yetu haituruhusu kuupita kimya. Lakini ukweli uliomo ni mzito: mgeuko ni mali ya jumuiya, na mgeni huupata kwa kusikia tu.

Wanasarufi waliofuata walitenganisha alichokiunganisha Varro. Priscian, aliyefundisha Constantinople mwanzoni mwa karne ya sita B.K., aliandika vitabu 18 vya sarufi vilivyotawala shule za Ulaya kwa karne nyingi. Humo makundi matano ya mgeuko yanapangwa kwa kuangalia mwisho wa uhusika wa kumiliki, nao unyambuaji unashughulikiwa mbali. Mpango huo ulifaa sana kwa wanafunzi waliojifunza Kilatini kama lugha ya kigeni. Gharama yake ni kwamba kundi la mgeuko lilianza kuonekana kama rafu ya kuwekea maneno, badala ya ukoo ambamo maneno yamezaliwa.

3.0 Mgeuko kama Kumbukumbu

Tuchukue kitenzi stare, 'kusimama'. Kilatini kina nomino statio, 'kusimama, kituo', ya kundi la tatu, na status, 'hali, msimamo', ya kundi la nne. Aidha kina kielezi statim, 'papo hapo'. Kielezi hicho hakina mgeuko, na sarufi za shule hukitaja bila maelezo. Ukweli ni kwamba statim ni uhusika wa yambwa wa nomino ya kale iliyokwisha kufa, nomino iliyoundwa kwa kiambishi -ti-. Mwenyewe amekufa, lakini nguo yake moja imebaki kamba-ni.

Kiambishi hicho -ti- kilikuwa na nguvu katika lugha mama ambayo Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti zilichipuka kwayo. Katika Kilatini kilituachia maneno machache ya kale: mors 'kifo' kutokana na mori 'kufa', na mens 'akili' kutokana na mzizi wenye maana ya kufikiri. Katika uhusika wa kiima, mors na mens hazionyeshi kiambishi chochote, kwa kuwa irabu imedondoka na konsonanti zimesongamana. Lakini zigeuze, nazo zitasema: mortis, mentis. Katika wingi wa uhusika wa kumiliki hata ile irabu ya kale inajitokeza: mortium, mentium.

Baadaye wasemaji walikirefusha kiambishi hicho kwa kukiongezea silabi nyingine, na hapo likapatikana umbo -tio, ambalo katika uhusika wa kumiliki huwa -tionis. Kwa hiyo mzizi uliozaa mens ulizaa pia mentio, 'kutaja'. Neno la kwanza halikumbuki tena kwamba lilikuwa tendo. La pili bado lanukia tendo. Tofauti ya mentium na mentionum ni tofauti ya vizazi viwili vya unyambuaji.

Mfano wa pili unaonyesha hatari iliyo kinyume, yaani kudhani kwamba wanaofanana ni ndugu. Orator 'msemaji wa hadhara' na clamor 'kelele' ni nomino za kundi la tatu, zote ni za jinsia ya kiume, na zote hugeuzwa sawasawa: oratoris, clamoris. Zote zimetoka katika vitenzi, orare na clamare. Lakini r ya orator ni ya tangu awali. Kiambishi chake kinaonekana pia katika Kisanskriti datar na Kigiriki doter, 'mtoaji'. R ya clamor ilikuwa s. Wanasarufi wa Kirumi walikumbuka bado umbo clamos, kama walivyokumbuka honos lililokuwa honor. Katika karne ya nne K.K. sauti s iliyokuwa kati ya irabu mbili iligeuka kuwa r. Cicero anasimulia kwamba Lucius Papirius Crassus, aliyekuwa konsuli mwaka 336 K.K., ndiye wa kwanza katika ukoo wake aliyeacha kuitwa Papisius. Badiliko hilo lilianza katika uhusika wenye irabu baada ya s, kama clamosis iliyokuwa clamoris, kisha r ikarudi hadi uhusika wa kiima kwa nguvu ya mlingano. Hapa mgeuko haukuihifadhi asili tu, bali uliibadilisha sura. Watu wawili waliokutana njiani wakavaa sare moja, na wajukuu wakadhani ni mapacha.

Mwelekeo wa unyambuaji nao haupaswi kukisiwa. Mtu akiona pugna 'pigano' na pugnare 'kupigana', atadhani kimoja kati ya viwili: kitenzi kimezaa nomino au nomino imezaa kitenzi. Wataalamu wengi wanaona kwamba mwanzo ni pugnus, 'ngumi', ambayo ilizaa kitenzi pugnare, nacho kikazaa pugna. Safari kama hiyo si ngeni kwetu: taifa limezaa kutaifisha, na kutaifisha kumezaa utaifishaji. Swali la ni kipi kilichotangulia, nomino au kitenzi, halina jibu la jumla. Lina jibu kwa kila neno.

4.0 Kati ya Kitenzi na Nomino

Je, nomino ya tendo huacha lini kuwa kitenzi? Tamthilia za Plautus, aliyefariki yapata mwaka 184 K.K., zinatoa ushahidi wa thamani. Wahusika wake wanapogombana hutumia nomino kama tactio 'kugusa' na kuipa yambwa moja kwa moja, kama vile kitenzi tangere kingefanya. Miaka mia moja na ushei baadaye, katika nathari ya Cicero, nomino za aina hiyo kwa kawaida hufuatwa na uhusika wa kumiliki. Msomaji wa Kiswahili ataielewa tofauti hiyo bila taabu: twasema 'kumgusa mtoto', lakini 'mguso wa mtoto'. Tactio ya Plautus ilikuwa bado upande wa 'kugusa'. Polepole ilivuka hadi upande wa 'mguso'.

Waliobaki mpakani ndio waliowasumbua wanasarufi zaidi. Supino, kwa mfano, hufunzwa kama sehemu ya kitenzi. Wanafunzi huambiwa kwamba ina maumbo mawili, moja la -tum linalofuata vitenzi vya mwendo, kama katika cubitum ire 'kwenda kulala', na jingine la -tu linalofuata baadhi ya vivumishi, kama katika facile dictu 'rahisi kusema'. Ajabu hiyo yote inatoweka tukikumbuka kundi la nne la mgeuko. Cubitum ni uhusika wa yambwa wa nomino ya tendo, ukiwa na maana ya kule mtu anakoelekea. Dictu ni uhusika mwingine wa nomino ya aina iyo hiyo. Supino ni mabaki ya nomino yaliyochukuliwa na kitenzi. Kisanskriti nacho kilichukua umbo lililo ndugu na hilo la kwanza, kikalifanya kuwa kitenzi-jina chake cha kawaida, kama kartum 'kufanya'.

Hata kitenzi-jina cha Kilatini chenyewe kina asili ya nomino. Mwisho -re wa amare 'kupenda' ulikuwa -se, kama unavyoonekana bado katika esse 'kuwa', na wanaisimu wanauona kuwa ni uhusika wa mahali wa nomino ya kale ya tendo. Kilipokuwa kitenzi, kilipoteza mgeuko. Pengo hilo likazibwa na gerundi: amandi 'wa kupenda', amando 'kwa kupenda'. Gerundi haina uhusika wa kiima, kwa kuwa kiti hicho kimekaliwa na kitenzi-jina. Maumbo mawili ya asili tofauti yanashirikiana kuendesha mgeuko mmoja.

Mwaka 1948 Émile Benveniste alichapisha Paris kitabu kuhusu nomino za watenda na nomino za matendo katika lugha hizi. Alidai kwamba -ti- na -tu- hazikuwa visawe tangu awali: -ti- ilitaja tendo lililotimizwa, likitazamwa kutoka nje, ilhali -tu- ilitaja tendo kama uwezo au mwelekeo wa yule anayelitenda. Wapo waliompinga, na katika Kilatini chenyewe tofauti hiyo imefifia mno. Hata hivyo, kazi yake iliturejesha kwenye swali la yule mwanafunzi: kundi la mgeuko lilikuwa na sababu.

5.0 Nomino Hizi katika Fasihi

Mhakiki wa fasihi aweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu mgeuko uliamua ni nomino zipi ziingie katika ushairi. Utenzi wa Kilatini wa kishujaa ulijengwa juu ya urefu wa silabi. Kila mguu ulikuwa ama na silabi ndefu moja na fupi mbili, ama na ndefu mbili. Silabi fupi moja iliyobanwa kati ya ndefu mbili haikuwa na mahali pa kukaa. Sasa nomino nyingi za -tio zina umbo hilo hilo lisilokubalika: katika natio 'taifa' na mutatio 'badiliko', silabi ti ni fupi nayo imebanwa pande zote mbili. Katika uhusika mwingine, kama nationis, hali ni ile ile.

Mshairi wa Kiswahili anayebanwa na mizani ana inkisari na mazida. Mshairi wa Kirumi alikuwa na njia nyingine, nayo ni kuhamia kundi jingine la mgeuko. Lucretius, aliyeandika utenzi wa falsafa katika karne ya kwanza K.K., anapoeleza kuchinjwa kwa Iphigenia hatumii mactatio, neno ambalo lisingeingia. Anatumia mactatus, la kundi la nne, ambalo silabi zake ndefu zinakaa vizuri. Kadhalika alipenda nomino za -men, akitumia momen pale nathari inaposema momentum. Nomino za -men zina zawadi nyingine kwa mtunzi. Katika wingi huwa -mina, hivyo carmina 'nyimbo', flumina 'mito' na lumina 'nuru' zinatoa zenyewe mguu kamili wa silabi ndefu moja na fupi mbili. Washairi waliozitumia kwa wingi hawakuwa wakitafuta mapambo tu. Walikuwa wakivuna kile ambacho mgeuko wenyewe ulikuwa umekwisha kukipanda.

Nomino za -tio zilistawi kwingine. Sheria ya Kirumi ilizihitaji: actio 'haki ya kushtaki', kutokana na agere 'kutenda', na emptio 'ununuzi', kutokana na emere. Falsafa nayo ilizihitaji. Cicero alipoandika juu ya nadharia ya maarifa mwaka 45 K.K. alitafuta neno la Kilatini kwa dhana ya Wastoiki ya kulishika jambo kwa akili. Akachagua comprehensio, yaani kushika kwa mkono. Tendo la mwili likawa istilahi ya fikra. Katika mwaka huo huo aliiita falsafa cultura ya roho, akiazima nomino ya kitenzi colere 'kulima'.

Horace naye, alipofunga vitabu vyake vitatu vya tenzi fupi mwaka 23 K.K., aliuita utunzi wake monumentum. Wengi wetu hufikiri mara moja juu ya mnara wa mawe. Lakini neno hilo limetoka katika monere, 'kukumbusha' na 'kuonya', na kiambishi -mentum hutaja chombo cha kutendea. Mshairi anadai kuwa ameacha kikumbusho. Anayelitafsiri kwa neno 'jengo' amepoteza kitenzi, na pamoja nacho nusu ya majisifu.

6.0 Hitimisho

Nomino hizi hazikubaki Roma. Kupitia Kiingereza tumepokea inspekta, kutokana na inspicere 'kuchungulia', na profesa, kutokana na profiteri 'kutangaza hadharani'. Conductor wa sheria ya Kirumi alikuwa mtu aliyekodi shamba au nyumba, au aliyechukua zabuni ya kazi. Leo kondakta hukusanya nauli mlangoni mwa matatu. Trekta, iliyoundwa na watu wa zama za karibuni kutokana na trahere 'kuvuta', ina kiambishi kile kile cha mtenda. Kilatini kingezigeuza zote kwa namna moja. Kiswahili kimezivua mgeuko na kuzipa upatanisho wake: makondakta wamefika, lakini matrekta yamefika. Kilatini kilitazama kiambishi. Sisi tumetazama uhai. Hata ajenda tunayoipitisha mwanzoni mwa kila kikao cha idara ni wingi wa umbo la kitenzi agere, lenye maana ya 'mambo ya kutendwa'.

Kuna la kujifunza katika sarufi yetu pia. Ludwig Krapf, aliyechapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili kule Tübingen mwaka 1850, na Edward Steere, aliyetoa mwongozo wake mwaka 1870, walitoka katika mazingira ya elimu ambamo Kilatini kilikuwa kipimo cha sarufi. Tangu hapo tumekuwa tukibishana iwapo kusoma, katika 'kusoma vitabu kunafaa', ni kitenzi au ni nomino ya ngeli ya KU. Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba ubishi huo unadhania mpaka ambao Kilatini chenyewe hakikuwa nao. Mwanafunzi wetu ahimizwe kueleza neno linabeba yambwa gani, linapatanishwa vipi, na lina nyayo zipi za kitenzi. Asilazimishwe kuchagua chumba kimoja kwa sababu tu ramani ya nyumba ilichorwa kwingine.

Tumalizie na kitenzi colere. Kilizaa cultura, neno ambalo Ulaya ililitumia kujisifia malezi ya roho. Kilizaa pia colonus, 'mlima shamba' na kisha 'mlowezi', ambaye alizaa colonia. Na humo ndimo lilimotoka neno ukoloni tunalolijua vyema. Nomino hizo mbili zina mzizi mmoja na tendo moja, kushika ardhi na kuilima. Aliyekariri miisho bila kuuliza asili hawezi kuliona jambo hilo. Kanuni inastahili kukaririwa, lakini baada ya hapo inastahili kuulizwa ilikotoka.